Mwaka Niliofundishwa Kutazama

Habari ya kifo cha Ta Rwegasira ilinikuta Jumanne, nikichambua maharage kwenye baraza ya nyumba yangu, Rwamishenye. Ilikuja kwenye simu, katika kundi la watu wa parokia, ujumbe mfupi uliojipenyeza kati ya picha za harusi na tangazo la miche ya kahawa: mzee wetu, askari mstaafu wa wanyamapori, amefariki nyumbani kwake Muleba, mazishi ni Alhamisi. Niliusoma mara mbili, nikailaza simu kifudifudi juu ya ungo, nikaendelea kuchambua pembeni yake kama mtu anayelima kuzunguka kisiki. Alikuwa na miaka tisini na kitu. Kwa miaka thelathini na mitatu nimeishi mwendo usiozidi saa mbili kutoka kwake, na katika muda huo wote sikwenda kumwona hata mara moja. Wanafunzi niliowafundisha hesabu wananikumbuka kama mwalimu asiyevumilia uongo. Wazazi wao walinisifu kwa hilo kwenye mikutano ya shule, nami niliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Mwaka ninaotaka kuueleza nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimepata kazi ya kupika kwenye uwanja wa shabaha wa Bwana Pastory, mnunuzi wa samaki aliyeuonja mchezo huo Kampala akarudi nao kama watu wengine wanavyorudi na suti. Uwanja wenyewe ulikuwa kipande cha rweya, yale majani matupu ya juu ya mlima ambako migomba haioti, juu ya Kemondo, na ziwa lote likiwa chini yako. Walichimba shimo, wakalijengea kuta na paa la mabati, ndani wakaweka mashine yenye springi na mkono wa chuma. Mashine ilirusha sahani nyeusi za udongo, ndogo kama visosi, na mpigaji aliyesimama nyuma ya shimo alitakiwa kuivunja sahani hewani kwa bunduki ya marisau, ile inayotema punje nyingi ndogo kwa mpigo mmoja. Nyumba tuliyotumia ilikuwa zamani ghala la kahawa. Ilikuwa na sebule, chumba kimoja na jiko la nje, na kuta zake hazikuacha kunuka maganda ya kahawa hata baada ya kupakwa chokaa mara mbili. Katika kile chumba aliishi Ta Rwegasira, mwalimu wa shabaha. Mkewe alibaki Muleba kutunza kibanja, shamba lao la migomba. Yeye alikuwa na kitanda, sanduku la bati, rozari kwenye msumari, na kalenda ya mwaka uliokwisha pita ambayo hakuna aliyeibandua.

Sikuajiriwa kushika bunduki. Siku moja ya wiki yangu ya kwanza nilikuwa nimepakua ndizi na maharage, naweka sahani mezani, Ta Rwegasira akageuza uso kuelekea dirishani akaniuliza, "Binti, kuna nini juu ya ule mti wa peke yake?"

"Ni mwewe, Mwalimu."

"Anafanya nini?"

"Ameshika kitu. Mjusi. Bado mkia unacheza."

Kijana aliyekuwa akila naye, Deus, alisimama akaenda dirishani, akakunja uso akitazama, halafu akacheka. "Mkia! Mimi hata huyo mwewe namkisia."

"Kuanzia kesho," Ta Rwegasira akaniambia, "utakaa na sisi kwenye benchi."

Deus alikuwa fundi wa mashine, mzaliwa wa Kemondo, ananizidi miaka miwili. Ndiye aliyeingia shimoni kupakia sahani na kuvuta mtaimbo, na zamu ya kupiga ikimfikia, mimi nilishuka kuvuta badala yake. Bwana Pastory alitaka kupeleka wapigaji wawili kwenye mashindano ya Kampala mwaka unaofuata. Deus alikuwa wa kwanza bila ubishi. Wa pili alikuwa hajapatikana, na watu wa mjini aliowajaribu walikuwa wakifumba macho kabla ya mlio.

Somo la kwanza lilinitoa jikoni. "Moto unakula jicho," alisema mzee. Nusu saa kabla ya kupiga sikuruhusiwa kutazama mkaa, wala kukaa kwenye moshi, wala kusoma hata kipande cha gazeti kilichofungiwa chumvi. Niliepua ndizi mapema, nikazifunika kwa majani, nikanawa uso kwa maji ya pipa, nikaenda kukaa kwenye benchi la ukutani, upande wa ziwa. Tulikaa watatu, mzee katikati. Ilitakiwa kwanza pumzi ishuke. Kisha alisema, "Bumbire," nasi tulikitazama kisiwa kule mbali. "Jani," akasema, nasi tukatazama jani la nyasi lililo mbele ya kiatu. "Bumbire. Jani. Bumbire." Jicho, alisema, ni kama ng'ombe aliyelala zizini, ukimwamsha ghafla atakukanyaga, kwa hiyo mtembeze kwanza. Baada ya hapo aliuliza, "Adventina, niambie unaona nini." Nikamwambia: mitumbwi miwili. "Inaelekea wapi?" Bandarini. "Mawingu?" Yapo upande wa Bumbire, hayajafika. "Upepo umelalia wapi kwenye nyasi?" Kushoto. Aliuliza kila kitu, bila haraka, na kila jibu alilipokea kwa kutikisa kichwa. Nilidhani ananipima.

Kisha tulifumba macho. "Piga tano," alisema, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipokuwa. Ndani ya kichwa ulitakiwa usimame kwenye mstari, usikie uzito wa bunduki begani, uone paa la shimo, uite, uone sahani ikitoka kama doa la wino, uifuate, uivunje, uone vumbi lake jeusi likishuka. Mara tano. Ukikosa hata moja, unaanza upya. "Usiamke hapo na sahani nzima kichwani," alisema, "kwa sababu hiyo ndiyo utakayoikosa." Siku za mwanzo nilikaa hadi mgongo ukafa ganzi, maana sahani yangu ya tatu ilinitoroka kila mara upande wa kushoto, hata katika ndoto yangu mwenyewe. Deus alimaliza zake upesi akaanza kunirushia vijiti. Mzee naye alifumba, na midomo yake ilicheza, na kidole chake cha shahada kilijikunja mara tano juu ya goti.

Kwenye mstari alisimama nyuma ya bega langu. "Usitazame bunduki. Ukitazama bunduki, sahani imekwenda. Tazama hewa, pale juu ya paa, pale itakapozaliwa. Tazama kwa upole, kama unayemngojea mgeni, usikodoe kama unayemsaka mwizi. Usiite mpaka moyo umenyamaza." Neno letu la kuita lilikuwa "Leta!", nalo ni lilelile kwa Kihaya na kwa Kiswahili, hivyo lilitoka kinywani bila kupita kichwani. Mara ya kwanza nilipovunja sahani sikusikia mlio. Niliona doa, kisha nikaona vumbi, na kati ya hivyo viwili sikumbuki kitu. Deus alitoka shimoni mikono juu akipiga vigelegele kama shangazi wa bibi harusi. Mzee aliuliza kwa sauti ya chini, "Imevunjika vipi? Katikati, au kipande?" Katikati, nilimwambia. Akaniwekea mkono kichwani. Nimepata vyeti tangu siku ile, nimepata watoto watatu, na bado sijui kama nimewahi kufurahi vile.

Mafunzo yale nimeyatumia maisha yangu yote. Nilikaa hivyo nje ya chumba cha mtihani wa ualimu, nikakaa hivyo kwenye korido ya hospitali mume wangu alipokuwa akifanyiwa upasuaji, nikipeleka jicho kwenye kilima cha mbali kisha kwenye sakafu. Hilo la kutazama bado linanisaidia. La kufumba ndilo nililoacha. Nikifumba, hainijii sahani.

Mwezi wa kumi na moja senene, wale panzi wa kukaanga, waliangukia mlima ule wengi kuliko nilivyowahi kuwaona. Mchana mmoja wa jua kali tulikaa mimi na mzee kwenye mkeka mlangoni, kila mmoja na bakuli lake, tukiwachambua: mabawa na miguu kwenye gazeti, senene kwenye bakuli. Deus alikuwa ameshuka Kemondo kutafuta grisi ya mashine. Mzee alikuwa akinisimulia habari za nyati mmoja wa hifadhini, na alisimulia vizuri, kwa hiyo nilikuwa nacheka niliponyanyuka kuchukua kikaango. Niliporudi niliinama kulichukua bakuli lake. Ndani yake mlikuwa na mabawa matupu, na miguu. Senene wake walikuwa kwenye gazeti, wasafi, wamerundikana, tayari kutupwa. Vidole vyake viliendelea kuchambua.

"Mwalimu," nikasema, "umechanganya."

Mikono ikasimama. Alipeleka vidole ndani ya bakuli, akapapasa, akavirudisha kwenye magoti. Nilisimama na kikaango changu, na yote yakaanza kunijia kwa mpigo: ile kalenda, yale maswali ya mawingu na mitumbwi, yule mwewe.

"Tangu lini, Tata?" Sikuwahi kumwita baba kabla.

"La kushoto tangu nikiwa kazini. La kulia lilianza Pasaka. Naona mwanga na vivuli. Wewe sasa hivi ni kivuli kilichobeba kitu."

"Lakini jana ulivunja kumi na tisa. Kati ya ishirini! Nilikuwa shimoni, nilizipakia mwenyewe."

"Mashine ya Deus inatupa njia moja, haibadiliki. Nasikia springi inaachia, nahesabu kidogo, napiga pale ninapoiona."

"Unapoiona wapi?"

Akagusa paji la uso. Halafu akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo. "Adve, mwana wange, usimwambie mtu. Nikirudi Muleba nitakuwa mzee wa kushikwa mkono kwenda chooni. Hapa bado mimi ni mtu. Nifikishe Kampala tu. Nikishawafikisha ninyi wawili, nitasema mwenyewe."

Nilimwambia sawa. Ningependa kuandika kwamba nilisema sawa kwa huruma, na huruma ilikuwepo. Lakini kulikuwa na jambo lingine, nami nililijua palepale kwenye mkeka. Wiki iliyotangulia Bwana Pastory alikuwa ametamka mbele ya wote kwamba mtu wa pili wa Kampala ni mimi. Mzee akiondoka, hakuna mwalimu. Pasipo mwalimu hakuna Kampala, na mimi narudi kwenye masufuria. Nilimwaga mabawa, nikawakusanya senene kutoka kwenye gazeti, nikawakaanga kwa chumvi. Deus aliporudi alikula wengi kuliko sisi wote akasema, "Leo mmechambua vizuri, hakuna hata bawa moja."

Tangu siku ile nikawa hodari wa kumficha. Mtu akikaribia nilimsalimu kwa sauti kwa jina lake, "Karibu Bwana Pastory! Waitu, shikamoo!", ili mzee ajue ageukie wapi. Nilimpangia kikombe upande uleule kila siku. Mazoezini nilisimama nyuma yake nikamnong'oneza: kimya, hakuna mtu, mstari ni mtupu. Hakuwa akiinua bunduki kabla ya kunisikia. Ningeweza kumwambia Deus. Deus alikuwa rafiki yangu, na jioni nyingine, tukishuka mlima pamoja, nilihisi angeweza kuwa zaidi ya hapo. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara ya kwanza alianza kuniuliza Kampala tutafikia kwa nani. Mara ya pili nilijiambia, ni miezi mitatu tu.

Siku moja nikiwa jikoni nilimsikia Bwana Pastory sebuleni akizungumza na mgeni wake. "Huyu mzee siku hizi simwelewi. Ananisalimia kabla sijafika, au nimeshapita."

"Uzee huo."

"Uzee? Na bunduki mkononi?"

Wakacheka. Bwana Pastory akaita chai. Niliipeleka, nikaweka trei mezani, nikawauliza kama wanataka sukari.

Jambo lenyewe lilitokea Jumapili moja baada ya Misa, wiki mbili kabla ya safari. Bwana Pastory alikuwa amealika watu wake wa samaki kutoka mjini na visiwani, kama thelathini hivi, waone timu yake. Palikuwa na sangara wa kuchoma, kreti za soda, rubisi ya ndizi kwenye madumu, na redio ya gari ikiimba mlango wazi. Deus alipiga kwanza akavunja ishirini na mbili kati ya ishirini na tano. Mimi nikavunja ishirini. Watu wakapiga makofi, na mmoja wao akasema kwa sauti ya kulewa, "Sasa mwalimu mwenyewe! Au anajua kufundisha tu?" Nilimwona mzee akinyanyuka kwenye benchi. Alikuwa ameshakaa pale nusu saa nzima, macho yamefumbwa, kidole kikijikunja gotini. Nilimsogelea nikamwambia, "Usipige leo, Tata. Sema mkono unauma." Akasema, "Nimeshazipiga zote. Ziko zote zimevunjika," akagusa paji lake, na akatabasamu.

Alivunja ya kwanza. Akavunja ya pili, ya tatu, ya nne. Watu wakaanza kushangilia, na yule mlevi akavua kofia. Akaita ya tano, "Leta!", na hakikutoka kitu. Tulisikia chuma kikigonga, basi. Deus alipaza sauti kutoka shimoni, "Ngoja, Mwalimu, imevunjikia kwenye mkono!" Mzee akaifungua bunduki katikati kama sheria inavyotaka, akangoja. Wageni wakarudi kwenye mazungumzo yao. Redio iliimba. Watu wawili wakaja wakasimama kati yangu na mzee wakijadili bei ya mabondo, vile vibofu vya sangara, nikarudi nyuma hatua tatu nne kuwapisha.

Deus alifanya alichofanya siku zote mashine ikikwama. Alitoka kwa mbele ya shimo, akainama ukingoni, akawa anachokoa vipande vya udongo kwa bisibisi. Kichwa chake kilionekana juu ya paa la mabati, waziwazi, nywele zake na kola ya shati lake la Misa. Kila mtu pale aliyeuangalia mstari alimwona. Na kwa kuwa kila mtu alimwona, hakuna aliyefikiri kusema. Mimi ndiye niliyejua kuwa yuko mmoja asiyemwona.

Niliona mzee anaifunga bunduki. Sijui alisikia nini; labda mtu alisema "tayari" kwa habari zake za soda. Niliona bunduki ikipanda begani. Muda ulikuwepo. Nimeupima miaka yote hii, na kila nikiupima unatosha. Neno lilikuwa fupi, jina la mtu, na nilikuwa na miezi mitatu ya kupaza sauti majina ya watu ili mzee asikie. Lakini kusema "Deus yuko mbele!" mbele ya wale watu wote ilikuwa ni kumuuliza mzee, kwani huoni? Nilifikiri: hatapiga bila kuita. Nilifikiri: nitampita huyu mtu wa mabondo nimshike mkono kimyakimya, hakuna atakayejua. Nilikuwa nimenyanyua mguu. Bisibisi ikagusa kitu, springi ikaachia yenyewe, kla!, ile sauti aliyokuwa akiingojea, akahesabu kidogo, akapiga pale alipoiona.

Wingi wa marisau ulipita juu. Hicho ndicho walichotuambia hospitali, kwamba ni bahati. Punje moja iliingia shavuni, moja kwenye sikio, na moja kwenye jicho la kulia. Wakati ule sikujua hayo. Nilijua tu kwamba kichwa hakionekani tena juu ya mabati, na kwamba mzee aliuliza kwa furaha, "Imevunjika?"

Deus akaanza kulia kwa sauti, akimwita mama yake kwa Kihaya, "Mawe! Mawe!", na mzee akaiangusha bunduki kwenye nyasi.

Walimpakia Deus kwenye pikapu ya samaki kumpeleka Bukoba. Mimi nilibaki. Polisi walifika alasiri wakamkuta mzee amekaa kwenye benchi lake, mikono juu ya magoti. Alisema kabla hawajamuuliza. "Sioni. Ni karibu mwaka sasa sioni. Nimewadanganya wote." Askari akauliza ni nani mwingine alijua. "Hakuna," akasema. "Nilikuwa mwangalifu. Hata huyu binti anayenipikia sikumwambia." Akageuza uso kunionyesha, lakini alilionyesha pipa la maji, na yule askari akamtazama, akatazama pipa, akaandika. Mimi nilikuwa mlangoni. Niliulizwa, nikasema sikujua.

Siku ya nne nilikwenda hospitali. Wodi ilinuka dawa na uji. Deus alikuwa amefungwa nusu ya uso, na mama yake alinipisha kiti akatoka kwenda kuchota maji. Aliongea polepole. Alisema daktari amekwisha mwambia kuhusu jicho. Kisha akasema, "Wewe ulikuwa karibu naye kila siku, Adve. Hukuona kitu?"

"Sikuona," nikasema.

Akatikisa kichwa kidogo, kama anayeniamini, akanishika vidole. Nilikaa mpaka mama yake aliporudi. Sikwenda tena.

Kampala hatukwenda. Bwana Pastory aliuza mashine kwa muuza vyuma chakavu, na majani yakameza shimo. Mzee alikaa mahabusu wiki kadhaa, wakamwachia kwa ajili ya umri na macho, akarudi Muleba kushikwa mkono. Mimi nikaomba chuo cha ualimu. Deus alifungua duka la nyavu Kemondo. Nilipotaka nyavu za kufunikia miche, nilinunua Bukoba kwa bei ya juu.

Alhamisi nilikwenda Muleba. Mazishi yalikuwa kibanjani, migomba imefika hadi ukingo wa kaburi, na watu wengi kuliko nilivyotegemea. Nilikaa na wanawake juu ya nyasi zilizotandazwa, nikamenya ndizi. Mjane, Ma Yustina, alipita akisalimia mmoja mmoja, mkono wake mwembamba kama ufito. Alinitazama akauliza, "Wewe ulikuwa nani wake, mwanangu?"

"Nilikuwa nampikia, Mama. Zamani. Kule Kemondo."

Niliposema hivyo, mwanamume aliyekuwa akipasua kuni nyuma yetu alisimamisha shoka. Nilimtambua kabla hajageuka. Deus amenenepa, nywele zake ni nyeupe, na kope ya kulia imefungwa imezama. Sikuwa nimetegemea kumwona pale. Alikuja, akachuchumaa kando yangu, tukasalimiana kama watu wazima, watoto wangapi, wajukuu wangapi.

"Sikuwahi kukanyaga hapa kwake," akasema. "Miaka yote. Alituma watu wawili, watatu, kuniomba nije. Nilikataa. Juzi mke wangu akaniambia, sasa hata ukienda hawezi kukusemesha, nenda."

Kisu kilikuwa mkononi mwangu, na utomvu wa ndizi ulikuwa umekaukia vidoleni. Nikamwambia. Nilimwambia habari ya senene, na bakuli, na maneno ya kwenye mkeka. Nilimwambia nilikuwa nimesimama wapi na nilichokiona kikitokea juu ya mabati, na kwamba muda ulikuwepo. Sikulia, sikujiona nina haki ya kulia. Alisikiliza akitazama ndizi zangu.

"Kwa nini hukuniambia mimi tu?" akasema mwishowe. "Wengine sawa. Mimi peke yangu. Ningetoka kwa nyuma ya shimo. Ni hatua tatu zaidi."

Nikaiweka chini ndizi iliyokuwa nusu imemenywa.

Akasimama, magoti yakimlia. "Kamwambie yule mama."

"Sasa hivi? Kwenye msiba?"

"Ulikuwa unataka lini?"

Nikaenda. Ma Yustina alikuwa ameketi ndani, kwenye mkeka, kisahani cha kahawa ya kutafuna mbele yake. Nilipiga magoti nikamweleza kwa Kihaya, kwa maneno machache, kwa sababu nilihofia nikirefusha nitaanza kujitetea. Alinisikiliza hadi mwisho. Wanawake wawili waliokuwa naye walitazama chini.

"Aliniambia kuna aliyejua," akasema. "Jina hakulitaja. Nililiomba kila mwaka, hakulitaja. Alisema, ni mtoto, nilimwomba mimi." Akaokota punje ya kahawa, akairudisha. "Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili, Mama."

"Hukuwa mtoto."

"Hapana, Mama."

Akasikiliza nje, walikokuwa wameanza kugawa chakula. Kisha akasema, "Nenda ukale. Hujala," akageukia ukuta.

Nje walikuwa wameandaa ndizi na maharage kwenye majani marefu, watu wamekaa safu mbili. Palikuwa na nafasi moja karibu na Deus, nami niliogopa kusimama peke yangu mbele za watu, nikakaa. Alisogeza bakuli la maji nikanawa. Tulikula kutoka kwenye jani moja. Nilikuwa nimekaa kuliani kwake, upande wa jicho lisiloona, na hakunigeukia mpaka tulipomaliza.